Uzoefu wangu na OT aliyetuandikia ripoti ya NDIS

Maombi yetu ya kwanza ya NDIS, mpango wa serikali ya Australia wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, yalikataliwa Machi 2023. Barua ilikuja kwa posta, kijana wetu akatusomea mezani huku baba watoto ameangalia dirishani. Hawakupinga kwamba baba watoto alipata kiharusi. Walisema hawakuona ushahidi kwamba kiharusi hicho kimempunguzia uwezo kwa kiasi kikubwa. Nililia siku ile. Mtu aliyekuwa akibeba mapande ya nyama kiwandani zamu nzima, leo namvisha soksi, halafu mtu anauliza uwezo umepungua wapi?

Naandika kwa ajili ya familia zetu zilizoko Australia, hasa tuliotokea Nyarugusu na kambi nyingine, kwa sababu naona watu wanakata tamaa kwenye barua ya kwanza. Sisi tulipata mara ya pili. Kilicholeta tofauti ni ripoti ya mtu mmoja, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye hapa kila mtu anamwita OT.

Wengi tunamchanganya na fizio. Fizio anahangaika na mguu wenyewe, upate nguvu. OT anataka kujua mguu huo unakufikishaje chooni saa nane usiku, unavukaje ukingo wa bafu, na nani anakushika unapovuka. NDIS nayo inauliza hayo hayo. Sheria yake ya 2013 inataja mambo 6: kutembea na kujongea, kuwasiliana, kuchangamana na watu, kujifunza, kuuhudumia mwili wako, na kujisimamia katika mambo yako. Lazima ulemavu uwe wa kudumu, na uwezo uwe umepungua sana angalau katika jambo moja kati ya hayo. Mwombaji awe hajafika miaka 65, tena awe raia au mwenye viza ya kudumu. Sisi tulioletwa kwa viza ya wakimbizi namba 200, viza yetu ni ya kudumu tangu tulipotua, kwa hiyo anayekwambia usubiri uraia kwanza anakupotosha. Mimi nilipoteza miezi mitano kwa kumsikiliza mtu wa namna hiyo.

OT alikuja nyumbani kwetu, hapa Toowoomba, asubuhi ya Julai yenye baridi kali. Nilikuwa nimedeki, nimeweka maua mezani, nimempigia pasi shati baba watoto na kumvisha mwenyewe. Kijana wetu wa miaka 15 alibaki nyumbani ili atutafsirie. Nilidhani ndivyo mgeni wa serikali anavyopokelewa. OT si mtu wa serikali, lakini hilo sikulijua.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Alimshukuru kijana, akamwambia aende shule. Kisha akapiga 131 450, namba ya wakalimani, akaomba anayejua Kiswahili, akaweka simu katikati ya meza. Wakati ule nilijiuliza kwa nini anajisumbua. Dakika kumi baadaye alipomuuliza baba watoto kuhusu choo na kuoga, nikaelewa. Mzee alijibu. Alisema mambo ambayo mimi mwenyewe alikuwa hajaniambia, kwamba usiku anaogopa kuniamsha, anasubiri hadi kunakucha, na mara nyingine hawezi kusubiri. Baba gani angeyasema hayo kupitia mdomo wa mwanawe? Kwenye maombi ya kwanza kijana ndiye aliyetafsiri kila kitu, na sehemu ya choo tuliandika “hakuna shida”.

Hapo ndipo kosa letu lilipo, na nadhani ni la wengi. Ukimuuliza mtu wetu hali, atasema salama. Anaumwa, salama. Kafiwa, salama, tunamshukuru Mungu. Kila tulipokwenda kwa daktari wa familia tulisema anaendelea vizuri, naye akaandika kwenye barua yake kwamba anaendelea vizuri. Maneno hayo tuliyaambatanisha wenyewe kwenye maombi. OT aliposoma barua ile alituuliza taratibu, “Anaendelea vizuri kwa kufanya nini, na kwa msaada wa nani?”

Alikuwa na dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 36, linaloitwa WHODAS. Linauliza kuhusu siku 30 zilizopita: ulipata ugumu kiasi gani kuoga mwili mzima, kuvaa, kula, kukaa peke yako siku chache. Unajibu kuanzia hakuna ugumu hadi siwezi kabisa. Baba watoto alipoulizwa kuhusu kuvaa alisema hakuna ugumu. OT hakumbishia. Alimwomba avue sweta alivae tena. Tukakaa kimya. Mkono wa kulia uliingia. Mkono wa kushoto ulibaki unaning’inia nje, sweta limekunjamana shingoni, na yeye akasema tayari. Hakuwa anadanganya. Hakujua kwamba mkono mmoja uko nje.

Halafu ikafika saa ya kula. Nilipakua ugali, mchicha na dagaa, nikamkaribisha na OT. Alikula kidogo, lakini macho yake yalikuwa kwenye sahani ya mzee. Baba watoto alikula, akanawa, akashukuru. Nusu ya sahani ilikuwa tupu kabisa na nusu ya kushoto haijaguswa, kama mtu amepiga mstari katikati. Hivyo ndivyo alivyokuwa akila kwa mwaka mzima, nasi tukisema kiharusi kimemuondolea hamu ya chakula. Alikuwa amekonda, nikawa nabadilisha mboga, naongeza mafuta, nasali. OT alinyoosha mkono, akaizungusha sahani ile nusu iliyobaki ikae upande wa kulia. Mzee akatazama, akashangaa, akaanza kula upya.

Alitueleza kwamba kiharusi kilichopiga upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu asiuone ulimwengu wa upande wa kushoto, hata kama macho ni mazima. Ndiyo maana anagonga mlango bega la kushoto. Ndiyo maana alitaka kuvuka barabara huku gari linamjia. Hakuna barua yoyote iliyokuwa na jambo hilo, maana kwa daktari mtu anakaa kwenye kiti dakika kumi na tano, hali chakula wala havui sweta.

Ripoti ilikuwa ya kurasa 17. Kila jambo kati ya yale 6 lilikuwa na sehemu yake, na chini yake ameandika alichokiona kwa macho: dakika alizotumia kuvaa, kimo cha ukingo wa bafu, mara ngapi nilimkumbusha kuzima jiko. Hakuandika kwamba ana shida ya kuoga. Aliandika kwamba anahitaji mtu mmoja wa kumshika kila anapoingia na kutoka bafuni, kila siku, na kwamba mtu huyo asipokuwepo ataanguka. Alimpigia simu daktari wetu, wakakubaliana daktari aeleze kwa maandishi kwamba matibabu yamefanyika na hali hii ni ya kudumu, kwa kuwa hilo ni la daktari kulisema. Barua mbili zikawa zinasema kitu kimoja.

Tulikwaruzana mara moja. Nilimwomba aandike kwamba mzee hawezi kutembea kabisa. Niliona kwamba tukiongeza chumvi kidogo watatuamini. Alikataa. Alisema ameandikishwa kwenye bodi ya taaluma yake, anaandika anachokiona, na kwamba ripoti ikipatikana na jambo moja la uongo, hata yale ya kweli hayataaminiwa. Nilinuna siku mbili. Lakini alikuwa sahihi, kwani mzee anatembea, ila hawezi kutembea peke yake bila hatari, na maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Sasa malalamiko yangu, maana si kila kitu kilikuwa kizuri. Ofisi anayofanyia kazi ilichukua wiki 9 kutupa ripoti baada ya kuahidi wiki 4. Rasimu ilipofika, ukurasa wa 6 ulikuwa na aya nzima inayomhusu mtu mwingine, jina lake likiwemo. Mambo ya siri ya mgonjwa yanafikaje kwa jirani? Walipoombwa walirekebisha na wakaomba radhi, lakini familia isiyo na mtu wa kuwasomea ingeituma hivyo hivyo. Pia walikuwa wameandika kwamba mzee “ana msaada wa kutosha wa familia”. Sentensi hiyo niliikataa. Msaada huo ni mimi, mgongo unauma, na nimeacha kazi ya usafi. Tuliomba waandike saa ninazotumia na kwamba siwezi kuendelea hivyo, wakaandika. Tafadhali, usikubali ripoti itumwe kabla hujasomewa neno kwa neno.

Na bei. Kabla hujakubaliwa, NDIS hailipii ripoti ya kuombea. Tulilipa dola 1,640. Kanisa lilitupitishia mchango, Mungu awabariki. Baadaye nikajua kwamba kitengo cha urekebishaji cha hospitali ya umma kina ma-OT wa bure, ila foleni ni ndefu, na kwamba daktari wa familia akikuandikia mpango wa ugonjwa sugu, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, inachangia ziara hadi 5 kwa mwaka kwa wataalamu wa namna hii. Mchango huo haulipi ripoti nzima lakini unapunguza. Uliza kwanza kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Tulipeleka maombi upya Januari 2024. Ukikataliwa una miezi 3 ya kuomba uamuzi uangaliwe tena, nasi tulikuwa tumeshaipitisha, ila kuomba upya kwa ushahidi mpya kunaruhusiwa. Jibu lilikuja ndani ya zile siku 21 walizowekewa na sheria. Amekubaliwa. Alipoambiwa, mzee alisema, “Kwa hiyo sasa mimi ni kilema.” Neno hilo lilimchoma, na lilinichoma mimi pia, kwa sababu kurasa zote 17 zinahesabu asichoweza. OT alikuwa ametuonya. Alimwambia kupitia mkalimani, “Baba, karatasi hii ni ya kuombea msaada. Haisemi wewe ni nani.” Alichukua muda kulikubali.

Sasa anakuja mtu kumwogesha asubuhi tano kwa wiki, na ni mwanaume, kama alivyotaka. Vyuma vya kushikia bafuni tumewekewa, baada ya OT kuandika barua kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa. Kiti cha kuogea ni kifaa cha chini ya dola 1,500, kwa hiyo hakikuhitaji ripoti nyingine ndefu. Mpango wa kwanza ulikuwa wa miezi 12, na kabla haujaisha OT aliandika tena, safari hii tukilipiwa na NDIS yenyewe. Mimi nina daftari jikoni. Naandika siku aliyoanguka, siku aliyosahau jiko, na siku aliyovaa sweta vizuri pia, kwa sababu OT anazitaka zote. Nimempa nyota 4. Ya 5 imebaki kwa wiki zile 9 na jina la yule mtu.

Kwenye sinia la mzee, ukingo wa kushoto, OT alibandika utepe mwekundu. Anafundishwa kutafuta wekundu ule kwa macho kabla ya kula, na akifika mwisho aurudie. Jumapili alimaliza ugali wote, akauliza kama ukoko upo.