Taa za ziada kwa mkonga (Land Cruiser) wa njia ya Liwale: nunua waya kwanza

Anayetaka kufunga taa za ziada huanza kuuliza ipi inapiga mbali. Mimi nakwambia uulize kwanza umeme wake utapita wapi. Nilinunua taa nzuri ya bampa, fundi akaiunga moja kwa moja na swichi ya dashibodi, bila relei wala fyuzi. Usiku mmoja, njia ya Nangurukuru kwenda Liwale, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Nikashuka kuchomoa betri gizani, na Liwale ni jirani wa Selous, tembo hawapigi hodi.

Hesabu yake ni nyepesi: wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Taa mbili za halojeni za wati 55, kwenye volti 12, zinakula ampea 9 na kidogo. Mbili za wati 100 zinakaribia 17, na swichi ndogo ya dashibodi haiwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Ndiyo kazi ya relei: swichi inaiamsha kwa umeme kiduchu, mzigo mzito unatoka betri kwenda taa bila kupita mbele ya magoti yako.

Kati ya njia tatu za kuzifunga, ninayoiweka ya kwanza ni seti ya waya iliyokamilika, yenye relei, fyuzi, swichi na plagi zake. Lakini usiinunue kwa macho. Nyingi zina ganda nene na shaba nyembamba kama uzi wa kushonea. Mwombe muuzaji akate ncha, ukwaruze kwa kisu. Wekundu nje na weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Weupe nje na wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo, ukiwa mtu wa Mikindani au Kilwa Masoko, ichukue hata kama imezidi bei, maana hewa ya chumvi huifanya shaba tupu iote kutu ya kijani.

Ya pili ni kununua vipande kimoja kimoja: relei ya pini nne, kishikio cha fyuzi, swichi, waya wa milimita za mraba 2.5. Kwa fundi makini hii inaishinda seti. Nimeishusha kwa sababu ya mafundi wanaosokota waya kwa vidole na kuuzungushia tepu. Jua na vumbi la Newala huibandua tepu hiyo mapema. Dai terminali zibanwe kwa koleo lake, na rangi ya bodi ikwanguliwe pale waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi, unapofungwa. Taa zinazofifia au kupepesa, mara nyingi ni ethi.

Boksi la kielektroniki la kuwashia vifaa, lenye vitufe sita au nane, naliweka la tatu. Linapendeza, na mwenye taa nne, kompresa na redio ya mawasiliano litamfaa. Kwa taa mbili ni kukodi jahazi kwenda kuvua kitoweo. Likifa porini, huna la kufungua.

Swichi tupu bila relei sijaipa namba.

Fyuzi ikae karibu na betri, shubiri moja hivi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kwa hizo mbili za wati 55, ampea 15 zinatosha. Ikikatika usiweke ya 30, tafuta waya uliochunika. Waya wa kuamsha relei uunge na fulu, yaani taa kubwa za kumulika mbali, ili ukishusha taa kwa anayekuja, na za ziada zizime.

Kuhusu taa zenyewe sina mengi. Msimu wa korosho, ukiwa nyuma ya malori, mwanga wa taa ya juu ya paa hugonga vumbi na kukurudia usoni. Funga chini, kwenye bampa. Na wati zilizoandikwa kwenye boksi za LED za bei rahisi mara nyingi zimetiwa chumvi, omba zipimwe kwa mita.

Halafu angalia betri zako. Land Cruiser nyingine za zamani ni za volti 24, na relei ya 12 ukiifunga humo haitakufikisha Mnazi Mmoja.