Papers Past kwa anayefuatilia mahakama za zamani za Samoa: bure na inalipa

Aliyewahi kusaka kumbukumbu za mahakama za kikoloni mtandaoni anajua mateso yake, unapata kichwa cha habari kitamu afu ukibonyeza unaambiwa toa dola kwanza, kuna tovuti moja sitaitaja ilinikata hela ikanipa kurasa mbili zenye ukungu mtupu. Papers Past, tovuti ya magazeti ya zamani, ni ya Maktaba ya Taifa ya New Zealand, haina kulipia wala kujisajili, unaingia unasoma basi. Wengi wanaijua kwa magazeti ya New Zealand tu, kumbe humo ndani kuna ya Apia pia, mji mkuu wa visiwa vya Samoa kule Pasifiki: Samoa Times ya enzi zile za mkataba wa Berlin na Samoanische Zeitung ya wakati wa Mjerumani. Mi nimeitumia kwa Samoa tu kwa hiyo maksi zangu ni za huko.

Na Samoa kwenye mambo ya mahakama ni kituko aisee. Mwaka 1889 Ujerumani, Uingereza na Marekani walikaa Berlin wakaunda Mahakama Kuu ya visiwa vya watu wengine, jaji mmoja tu, mshahara dola 6,000 za dhahabu kwa mwaka, na mkataba ukasema wakishindwa kukubaliana jina basi mfalme wa Sweden na Norway ndo achague. Akaja Mswidi, Cedercrantz, akafika mwishoni mwa 1890, na wenyeji hawakuulizwa kitu.

Utamu wenyewe uko kwenye ardhi. Iliundwa tume ya watu watatu, kila nchi kati ya zile tatu ilitoa mmoja, wachunguze madai ya wageni waliosema wameuziwa viwanja na mashamba, na madai yalipojumlishwa yakafika kama ekari milioni 1.7, yaani zaidi ya mara mbili ya Samoa yote!! Kipande kilekile kimeuzwa kwa huyu na yule, mwingine kauziwa na mtu ambaye ukoo wake haukumpa hayo mamlaka, mwingine kalipa kwa bunduki wakati wa vita. Mwisho wa siku yaliyokubaliwa ni kama asilimia 8 tu. Sasa nenda kwenye sehemu ya kusachi, chagua magazeti ya Samoa, weka 1891 mpaka 1894, andika Land Commission, maneno yako yanakuja yamewekewa rangi. Ila usiishie kwenye kipande cha habari kilichokatwa, fungua ukurasa mzima, maana hapo ndo unaona habari za mahakama zimebanana na ratiba za meli na matangazo ya maduka na unaelewa huo mji ulikuwa wa watu wa aina gani.

Kitu kingine cha kutafuta ni Desemba 1898. Jaji Mkuu wa wakati huo, Mmarekani Chambers, aliamua kesi ya nani awe mfalme, akampa kijana Malietoa Tanumafili badala ya mpinzani wake Mataafa, na siku chache baadae watu wanapigana Apia. Hukumu moja tu, vita. Ndani ya mwaka mmoja visiwa vikagawanywa, na Machi 1900 bendera ya Ujerumani ikapanda Apia.

Wabongo hapa sikilizeni: mmoja wa majaji walioletwa na Mjerumani huko Samoa ni Heinrich Schnee, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa gavana wetu Dar 1912. Kabla ya Maji Maji hata haijatokea jamaa alikuwa anaamua kesi Apia chini ya gavana Solf, na huyo Solf 1903 akaanzisha tume ya ardhi na vyeo vya kichifu ambayo mpaka leo ipo kama mahakama, na mwaka 2020 bunge la Samoa liliibadilishia sheria kukawa na kelele kubwa.

Mapungufu yapo. Maandishi yamesomwa na mashine kwa hiyo majina ya Kisamoa yanavurugika, jaribu tahajia tofauti na usiweke zile alama za juu za herufi za Kisamoa. Kijerumani pia kinahitajika kwa kurasa nyingi kabla ya 1914. Kubwa zaidi, haya ni magazeti ya walowezi, Msamoa anatajwa kwa jina na kosa lake afu habari imeisha, alichojitetea nacho hukioni, kwa hiyo ukisoma humu tu utatoka na picha ya upande mmoja. Na usitegemee hukumu kamili, kwa hizo nenda PacLII, tovuti ya sheria na hukumu za nchi za Pasifiki, inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini pale Port Vila, Vanuatu, bure pia, ila ina nguvu zaidi kwa kesi za miaka ya karibuni.

Nyota nne kwa tano. Kwenye simu inafunguka ila picha za kurasa ni nzito, bando dogo litakatika, bora upakue PDF ukiwa kwenye waifai ya chuo au ofisini.