Kabati la gari la kulala kuvimba ndani ya waranti: uzoefu wangu, nimerudi karakana mara tatu

Mlango wa kabati la juu ya sinki ndo ulianza. Unausukuma unarudi, unausukuma tena unarudi, kama mtoto anayekataa uji, na mi nikajua bawaba tu imelegea sababu ya rafu rodi, nikakaza skrubu na bisibisi nikaendelea na maisha. Hiyo ilikuwa Aprili mwaka jana, gari lina wiki tano tu tangu nilitoe karakana.

Nieleze kwanza ni gari gani, maana huku Mwanza ukisema gari la kulala watu wanafikiria basi la usiku. Ni Toyota Hiace, ile ile ya daladala, tumetoa viti vyote tukaweka kitanda, sinki, jiko la gesi la pleti mbili, pampu ndogo ya maji ya volti 12, sola juu ya paa, betri, feni ya kutoa joto na makabati pande zote mbili. Nabeba wageni wawili wawili, tunaingia Serengeti kwa geti la Ndabaka au tunazunguka ziwa, tunaenda Bunda mpaka Kisorya tunapanda kivuko kwenda Ukerewe. Nikipita Buzuruga jioni watu bado wananisimamisha, "Igoma? Igoma?", siku moja mama mmoja alishafungua kabisa mlango akakuta kitanda, aliniangalia jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka.

Karakana iliyonijengea ndani ipo hapa hapa mjini, jina nalihifadhi. Kazi milioni 13 ukiacha gari lenyewe. Nikapewa na karatasi ya waranti ya miezi 12 ina muhuri na sahihi, inataja makabati, droo, milango, umeme na mfumo wa maji. Chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: haihusiki na uharibifu utokanao na maji. Nilisoma nikaona sawa tu, nani anamwaga maji kwenye gari lake mwenyewe?

Mara ya kwanza kurudi ilikuwa Mei. Kijana akauchomoa ule mlango, akaupiga randa kama milimita tatu, akaurudishia, dakika ishirini, bure, "imeisha hiyo boss". Na kweli ukafunga. Kiangazi chote hamna shida, tena ukawa umebakiza mwanya nikasema huyu dogo alizidisha randa, sikujua kumbe ubao ulikuwa umevimba na sasa umekauka ukanywea.

Vuli ilipoanza ndo nikaona rangi zote. Novemba natoka Chato na wageni wawili, mvua imetushika Geita ikatusindikiza mpaka daraja la Kigongo–Busisi, hili jipya la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 (waliokuwa wanapanga foleni ya kivuko pale wanajua tulikotoka). Asubuhi mgeni anatafuta sukari ya chai akanionyesha pakiti, imekuwa tofali. Nikaingiza mkono kabatini, harufu ya uvundo ikanipokea. Fomaika ya ukutani imeinuka, ukiibonyeza na kidole inazama kama mkate uliochovywa kwenye chai, na kingo ya ubao imefumuka tabaka tabaka kama daftari lililonyeshewa. Ile ni MDF, ni nyuzi laini za mbao zimegandishwa na gundi, kavu ni nzuri sana inapendeza, ila ikishakunywa maji kwenye kingo haina kurudi.

Nikaenda mara ya pili. Safari hii nikapelekwa ofisini kwa meneja, akatoka nje akachungulia sekunde kumi hata tochi hajawasha, akasema "kaka, hii ni maji, mnaosha vyombo mnarusha maji, na waranti yetu haihusu maji, soma hapa". Nikasoma. Nikabaki nimeduwaa kama mwanafunzi. Nina wageni Ijumaa, kwa hiyo nikakubali kulipa nusu, 180,000, wakabadilisha mlango na ubao wa nyuma kwa MDF ile ile. Hapa kosa ni langu, nililipa wakati hakuna mtu aliyeniambia maji yametoka wapi. Wiki sita baadaye ubao mpya nao ukaanza kunenepa.

Aliyenifungua macho wala si fundi magari. Kuna mzee anatengeneza mitumbwi karibu na mwalo wa Kirumba, nilienda kumuuliza mbao gani inavumilia maji ili niachane na waranti nijitengenezee mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akanawa mikono akaingia ndani ya gari, akakaa kimya muda mrefu anaangalia tu. Alafu akauliza, "sinki ndo hili?" Ndiyo mzee. "Na kabati ndo lile?" Ndiyo. "Sasa mwanangu, maji yanapandaje?"

Jamani. Sinki lipo kiunoni, kabati lipo juu ya kichwa, na mi nimelipa laki na themanini kwa maelezo kwamba maji ya vyombo yamepanda juu yakaenda kukaa nyuma ya ubao. Akanionyesha kitu kingine, ubao umevimba zaidi kingo ya juu kuliko ya chini, maana yake unanyweshwa kutokea paani.

Mara ya tatu nikaenda nimejipanga. Picha zote nimeprinti zina tarehe, karatasi ya waranti, risiti ya 180,000, na meseji za WhatsApp nilizowatumia tangu Mei. Meneja akaanza wimbo ule ule wa maji nikamwambia sawa, maji ni maji, ila tutafute kwanza yanaingilia wapi, yakiwa ni ya sinki mi naondoka na sirudi, yakiwa yanapita kwenye tundu mlilokata nyie basi hiyo ni kazi yenu imevuja, mi sijamwaga kitu. Akasema fundi wana kazi nyingi. Nikamuuliza kwa upole kabisa kama angependa karatasi zangu nizipeleke Tume ya Ushindani, FCC, maana wao ndo wanashughulika na malalamiko ya mlaji. Sikupandisha sauti. Akaita fundi.

Na huyu fundi ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Mtu mzima, Msukuma, wenzake wanamwita Ngosha, hana maneno mengi. Kwanza alikataa kugusa kabati. Akafungua kapeti ya juu ya dari, akapaka poda ya mtoto kwenye bati lote la ndani na kwenye zile mbavu za chuma zinazoshika paa, akaniambia "bosi kaa humo ndani, usitoke, ukiona mstari nipigie kelele". Yeye na mpira wa maji wakabaki nje. Akaanza chini, raba ya dirisha, kama dakika kumi hivi, kavu. Akapandisha kwenye mfereji wa pembeni wa paa, kavu. Akamwagia miguu ya sola, kavu, na mi humo ndani najipepea na ile karatasi ya waranti maana jua la saa nane na bati juu ya kichwa si mchezo. Alipofika kwenye feni haikufika dakika mbili, nikaona poda inabadilika rangi pembeni ya skrubu moja, tone likakusanyika, halikudondoka pale, likatambaa juu ya ubavu wa chuma kama mchwa kwenye njia yake, sentimita kama sitini, likafika kwenye kona likaingia nyuma ya lile kabati la juu ya sinki. Nilipiga kelele mpaka wateja wengine wakaja kuangalia.

Akapanda juu akaniita. Walikuwa wamekata tundu la feni wakaziba kwa silikoni ya kawaida, ile ya bafuni, tena juu ya rangi yenye vumbi. Aliivuta na kucha ikatoka nzima, ndefu, kama ukamba. Chini yake kutu imeshaanza. Akaelezea kwamba paa la gari halitulii, mchana linaungua linatanuka, usiku upepo wa ziwa unalipoza linasinyaa, ukijumlisha na mtetemo wa barabara ile silikoni inaachia taratibu na huwezi kuona kwa macho. Akasema na feni ingefungwa hivyo hivyo kwenye nyumba ingekaa miaka.

Meneja alisimama chini anaangalia ule ukamba mkononi kwa Ngosha. Hakusema tena habari ya vyombo.

Basi wakafanya kazi sasa, ya kweli. Feni ikatolewa, kutu ikasuguliwa mpaka chuma cheupe, ikapigwa praima na rangi, wakafunga upya kwa gundi ile inayobandikia kioo cha mbele cha gari, hiyo inakubali kunepa na bati, na kila skrubu ikachovywa humo kabla haijaingia. Likaachwa siku nzima lisiguswe. Kabati lote la upande ule likatengenezwa upya kwa marine bodi, ile plaiwudi inayovumilia maji, badala ya MDF, na kingo zikapakwa vanishi hata kule nyuma ambako hakuna anayeona. Sikulipa senti.

Mabaya nayo niseme. Waliniambia siku tatu zikawa kumi na moja, nikapoteza safari moja ya wageni, hiyo hakuna aliyenifidia na waranti haikuwa inasema. Fomaika ya rangi ya mti waliyoweka mwanzo imeisha madukani, kwa hiyo upande mmoja mti upande mwingine rangi ya maziwa, waifu anasema linafanana na nyumba ya wapangaji wawili. Simu hawapigi, lazima ujipeleke mwenyewe. Na kile kipengele cha maji niligoma kuchukua gari mpaka kirekebishwe, meneja akaandika kwa kalamu pembeni "isipokuwa maji yanayoingilia paani", akaongeza miezi sita kwa paa na kabati, akagonga muhuri juu yake. Kama wewe unajengewa gari dai hiyo mistari siku unayolipa advansi, ukisubiri mpaka livuje hawana haraka na wewe.

Masika hii nimelala ndani ya gari kule Igombe usiku ambao mvua ilipiga mpaka alfajiri, nimebandika toileti pepa kwenye kona ya kabati kwa selotepu. Nimeamka saa kumi na moja nikawasha tochi ya simu kabla hata sijavaa viatu. Kavu, na sukari inamiminika.

Fundi nampa 5 kwa 5. Ofisi nawapa 2, na kwenye ile 180,000 wamenirudishia laki moja, elfu themanini bado nawadai, kila nikipita naambiwa "wiki ijayo kaka".