Kijitabu cha mkanda mweusi kinachouzwa Nyawera: nunua, ila uwe na bic nyekundu

Ukijiandaa kwa mkanda mweusi wa taekwondo hapa Bukavu, lazima mtu atakuonyesha kijitabu cha jalada la bluu kinachouzwa kwenye vibanda vya fotokopi kule Nyawera. Kurasa arobaini na kitu, spirali ya plastiki, na juu kimeandikwa «Dan ya 1: Nadharia yote», dan ikiwa ni daraja la mkanda mweusi. Aliyekitunga hakujitaja. Mimi ni fundi cherehani wa Kadutu. Nashona dobok, yaani nguo za mazoezi, za klabu yetu na mwenyewe nafanya mazoezi humo. Kijana wangu wa miaka 12 alikuwa anajiandaa kwa mtihani ule ule, kwa hiyo kitabu kimesomwa na watu wawili, na mmoja wao hasomi bila kula mandazi.

Muuzaji alianzia dola tano. «Mama, hiki ni cha Kukkiwon kabisa», yaani makao makuu ya taekwondo duniani, wanaotoa vyeti vya mkanda mweusi. Nikamwambia, «Papa, Kukkiwon ilifunguliwa Seoul mwaka 1972, na sidhani kama wanafunga vitabu vyao kwa spirali hii.» Akacheka, tukakubaliana franka elfu kumi. Msilipe zaidi ya hapo.

Kilichofanya nisijutie pesa yangu ni kurasa mbili za katikati, zile za alama nane za Taegeuk. Poomsae nane za Taegeuk, yaani mifululizo ya miondoko tunayocheza kuanzia mkanda wa njano, kila moja ina alama yake ya mistari mitatu, mizima au iliyokatika. Il Jang ni Keon, mbingu, mistari yote mizima. I Jang ni Tae, ziwa. Sam Jang ni Ri, moto. Sa Jang ni Jin, ngurumo. Oh Jang ni Seon, upepo; Yuk Jang ni Gam, maji; Chil Jang ni Gan, mlima; na Pal Jang ni Gon, ardhi, mistari yote imekatika. Mtunzi amezichora kubwa, moja chini ya nyingine, na pembeni ameweka bendera ya Korea Kusini, ambayo pembe zake zina nne kati ya hizo: mbingu, ardhi, maji, moto. Nilikuwa nimecheza hizo poomsae miaka na miaka bila kuona kwamba zinatoka mbinguni na kuishia ardhini. Mwalimu wetu anajua kufundisha miguu. Maneno kwake ni mzigo. Ukurasa huu ulinisaidia hata katika mchezo wenyewe. Nikifika Sa Jang, kwenye yale mateke mawili ya yop chagi (teke la upande) yanayofuatana, siyapigi tena kwa ulegevu wa mtu anayehesabu hatua. Na mtahini aliuliza swali hilo hilo, Sa Jang inasimamia nini. Nilijibu kabla hajamaliza.

Ukurasa wa amri na hesabu pia ni mzuri: charyeot, kyongnye, junbi, sijak, halafu hana, dul, set mpaka yeol. Vizuio na mateke vimepangwa kwa urefu wa mwili, chini, kati, juu. Basi, hapo sina la kuongeza.

Sasa sheria za kyorugi, yaani pambano. Hapa ndipo bic nyekundu inapotoka mfukoni. Jedwali la alama linasema teke kwenye plastroni (kinga ya kifua) ni alama 1, na teke la kugeuka kichwani ni alama 4. Hizo ni sheria za Olimpiki ya Rio! Mnakumbuka 2016, Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa, fainali ya kilo 80, yuko nyuma 6 kwa 4 mbele ya Mwingereza Lutalo Muhammad, akageuka sekunde ya mwisho akampiga kichwani: alama 4, 8 kwa 6, dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika Olimpiki. Vizuri sana, lakini tangu hapo mambo yamebadilika. Leo ngumi ya kifuani ni 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, la kugeuka kifuani 4, la kugeuka kichwani 5. Kyong-go, yaani maonyo, ambazo kitabu kinazieleza ukurasa mzima, mbili zikifanya alama moja ya mpinzani, zilifutwa mwaka 2017. Imebaki gam-jeom, yaani adhabu ya kosa, peke yake, na kila moja inampa mpinzani alama 1. Kitabu bado kinajumlisha alama za raundi zote tatu, wakati tangu 2022 kila raundi inashindaniwa peke yake na mwenye kushinda mbili ndiye mshindi. Hata shirika la dunia limeandikwa WTF, jina lililoachwa 2017. Sasa ni World Taekwondo. Kusema kweli, mtunzi alichukua kitabu cha zamani, akabadilisha jalada.

Na alichukua vingine pia. Baada ya Pal Jang, ghafla unakutana na Chon-Ji, imewekwa kama vile ni poomsae ya tisa. Chon-Ji ni ya upande mwingine kabisa, ya ITF, shirika jingine la taekwondo la jenerali Choi Hong Hi, lililoanzishwa 1966, wenye mifululizo yao 24 ya miondoko. Sina ugomvi na watu wa ITF, jirani yangu mmoja ni wao na anapiga teke kuliko mimi. Ila mtoto akijifunza Chon-Ji akidhani ni ya mtihani wa Kukkiwon, mzazi atalaumu nani? Wakati huo huo Koryo, poomsae ya kwanza ya mkanda mweusi, iliyoitwa kwa jina la ufalme wa miaka 918 hadi 1392, imepewa nusu ukurasa. Kwa kuwa Kukkiwon wanaidai kwenye dan ya 2, ningesamehe, kama Chon-Ji isingepewa kurasa tatu.

Wazazi, jambo jingine: kitabu hakina hata neno moja juu ya poom. Mtoto ambaye hajafika miaka 15 hapewi dan, anapewa poom. Kijana wangu alikuwa ameshamtangazia kila mtu mtaani kwamba anakwenda kuchukua dan, na mimi ndiye niliyebaki kumweleza, jioni, bila umeme, huku yeye ananiambia «Mama, kitabu hakisemi hivyo.»

Michoro ya poomsae ni fotokopi ya fotokopi. Mishale imemezwa na wino, mguu wa kushoto na wa kulia ni doa moja jeusi. Kwa miguu, mfuate mwalimu.

Na ile spirali ilivunjika meno mapema. Nilitoboa kurasa upya kwa sindano ya jinzi nikazishona kwa uzi wa nailoni, Chon-Ji nikaiacha nje. Mwenye kutaka jedwali la alama nililolisahihisha, apite Kadutu alipige picha kwa simu. Dobok za watoto pia zipo.