Fleti za Firenze ya kale: nimezipanga kwa kilowati, si kwa mandhari

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku, mwezi wa Julai, mjini Firenze (Florence), Italia. Pilau ilikuwa imebakiza maji kidogo tu ikauke, mama alikuwa anaoga, mdogo wangu amewasha birika la chai, na kiyoyozi kinapambana na joto la sebuleni. Taa zikazimika, jiko likanyamaza. Mama akaita kutoka bafuni kama tunavyoita kwetu Tanga: "Umekatika?"

Nikaenda dirishani nikitegemea kuona mtaa mzima giza. Taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Jirani wa ng'ambo alikuwa anaangalia televisheni yake. Giza lilikuwa letu peke yetu.

Mwenye fleti alipopokea simu alisema nishuke chini kwenye ukumbi wa kuingilia, nifungue kabati la mita, ninyanyue swichi. Fleti ilikuwa ghorofa ya nne, lifti hakuna, vidato 84. Nilivihesabu kwa sababu nilishuka na tochi ya simu mkononi. Kabati lilikuwa na mlango wa wavu wa chuma. Ndani nikaona mita kumi na mbili zimepangwa safu, hazina majina, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo alikuwa nao msimamizi wa jengo, aliyekwishaondoka tangu jioni. Umeme ulirudi saa sita kasoro robo. Mama alitoka bafuni na povu la sabuni kichwani, akakaa kitandani akisubiri. Ana miaka 68 na alikuwa amesafiri kutoka Tanga kuja kuiona Italia kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunalipa euro 310 kwa usiku.

Tangu nilipokisimulia kisa hiki, wasomaji watatu wameniandikia kuwa yaliwakuta hayo hayo, mmoja Roma, mmoja Napoli, mmoja Bologna. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Masuala ya usafi, wifi na umbali hadi Duomo, kanisa kuu la mji, sitayagusa, maana hayo kila mtu anajua kuyaangalia. Mimi nataka tuzungumze mita ya umeme.

Mkataba wa kawaida wa umeme wa nyumba Italia ni kilowati 3 kwa wakati mmoja. Mita inakuachia asilimia 10 juu yake, yaani 3.3. Ukizidisha kidogo huvumilia kwa muda, ukizidisha sana inakata baada ya muda mfupi. Sasa piga hesabu na mimi. Birika la umeme ni kilowati 2. Kikausha nywele karibu 2. Oveni 2 na zaidi. Mashine ya kufulia inapopasha maji, 2. Hita ya maji ya bafuni 1.2. Kiyoyozi cha chumba kimoja, kama 1. Yaani kiyoyozi, hita na birika vikikutana tayari umezidi, na hapo jiko bado hujaliwasha.

Mwitaliano amezaliwa ndani ya hesabu hiyo. Anajua kuwa oveni ikiwaka, mashine ya kufulia inasubiri. Kahawa anaipika kwa moka, kibirika cha chuma, juu ya gesi, birika la umeme mara nyingi hana kabisa. Sisi tukichukua fleti tunakwenda kuishi: watu sita, chai asubuhi na jioni, wali kila siku, nguo za watoto, nywele za kukausha, pasi kabla ya kutoka. Ndiyo maana tunachukua fleti badala ya hoteli. Kwa hiyo shida hii inatupata sisi kabla ya mtu yeyote.

Kabla ya kulipa, tuma swali hili kama lilivyo: *Quanti kilowatt ha il contatore, e dove si trova?* Mita ina kilowati ngapi, na iko wapi. Jibu la kilowati 3 si baya kama mita iko ndani ya fleti na jiko ni la gesi. Jibu la 4.5 ni zuri. Jibu la 6, lipia siku hiyo hiyo. Jibu la "usijali, umeme upo" ni la mtu asiyejua au asiyetaka kusema, na kwangu mimi yote mawili ni sawa. Tazama pia picha ya jikoni: vichomeo vya gesi vyenye vyuma juu yake ni dalili njema, kioo cheusi kitupu ni jiko la umeme, na hapo swali la kilowati linakuwa la lazima.

Haya, orodha yangu, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: majengo ya baada ya vita karibu na Ponte Vecchio, daraja la kale la mji. Watu wengi huyapita kwa sababu kwa nje hayana sura ya kale. Agosti 1944, jeshi la Ujerumani lilipokuwa linarudi nyuma, lililipua madaraja yote ya mji huu juu ya mto Arno isipokuwa Ponte Vecchio. Ili kuziba njia za kulifikia daraja hilo, likabomoa nyumba za kale kwenye ncha zake zote mbili: upande wa Por Santa Maria, na ng'ambo kwenye Borgo San Jacopo na Via Guicciardini. Mitaa hiyo ikajengwa upya baada ya vita. Faida kwako ni kwamba unalala hatua chache kutoka darajani, ndani ya jengo lililochorwa na watu waliokwishajua kuwa binadamu hutumia umeme na lifti. Ngazi ni pana, vyumba vimenyooka, nyaya zina njia yake ukutani. Uzuri wa kale utauona ukifungua dirisha. Kwa mzazi mwenye magoti mabovu, sioni pa kulinganisha.

Ya pili: residence yenye mapokezi. Hizi ni fleti zinazoendeshwa kama hoteli, kila moja na jiko lake dogo. Umeme ukikatika unapiga simu chini na mtu anashughulika, hushuki na tochi. Jiko lenyewe kwa kawaida ni finyu, sufuria ya pilau ya watu sita haikai. Watu wawili au watatu, nzuri sana.

Ya tatu: piano nobile ng'ambo ya mto. Ghorofa ya kwanza ya palazzo, yaani jumba la kale la matajiri, ndiyo wenye nyumba wakubwa walikokuwa wanaishi, ndiyo maana dari ni refu kuliko ghorofa nyingine na ngazi za kupanda ni chache. Upande wa Oltrarno, kwenye Via Maggio na mitaa inayoizunguka, kuta ni nene kiasi kwamba ukifunga vibao vya madirisha asubuhi, jua lisipate nafasi, unaweza kupita mchana wa Julai bila kuwasha kiyoyozi. Hapo umeokoa kilowati nzima. Ila usichukue chumba kinachotazama uwanja wa Santo Spirito kama una watoto wa kulala mapema. Usiku watu wanakaa pale hadi wachoke wenyewe. Na ukiwa unatafuta mlango na masanduku mkononi, kumbuka Firenze ina safu mbili za namba: nyekundu, zinazoandikwa na herufi r, ni za biashara, na za nyumba ni nyeusi au buluu. Namba 12 na 12r zinaweza kuwa mbali kabisa, ingawa mtaa ni ule ule.

Ya mwisho: mansarda. Hiki ni chumba cha chini ya paa, na ndicho chenye picha inayokuvuta, ile ya kuba la Duomo, lililojengwa na Brunelleschi, likionekana dirishani. Vigae vya paa vinachomwa na jua mchana kutwa na joto lote linakushukia usiku, kwa hiyo kiyoyozi hakizimwi. Hita ya maji ni ya umeme. Gesi mara nyingi haikufikishwa huko juu, kwa hiyo na jiko ni la umeme. Na mita iko chini kabisa. Ile yetu ndivyo ilivyokuwa. Sipendekezi, hata kwa punguzo.

Wa bajeti ndogo waangalie nyumba za watawa zinazopokea wageni: safi, salama, bei ya kistaarabu. Nyingi zinafunga lango usiku na jiko hupewi.

Wanaosafiri Oktoba au Aprili wasidhani wamepona. Firenze, kwa sheria, kupasha joto majengo kunaruhusiwa kati ya Novemba 1 na Aprili 15, na si zaidi ya saa 12 kwa siku. Ukifika mwisho wa Oktoba na baridi imewahi, mwenye nyumba anakuachia hita ndogo ya kuchomeka, kilowati 2. Umerudi kwenye hesabu ile ile.

Mahali pa kuweka nafasi, mimi ni mtu wa Booking.com na sifichi. Natafuta zile zenye ruhusa ya kufuta bure, naweka nafasi, natuma swali la kilowati papo hapo, na jibu likiwa bovu nafuta sijapoteza kitu. Maoni yanaandikwa na watu walioweka nafasi kupitia hapo hapo. Tafuta ndani yake maneno *corrente* na *elettricità* (umeme), na *contatore* (mita). Maoni mawili yakitaja giza, hamia tangazo jingine.

Kinachoniumiza ni kwamba tatizo hili ni rahisi kuliondoa. Tangu mwaka 2017 mwenye nyumba Italia anaweza kuongeza nguvu ya mkataba kwa nusu kilowati nusu kilowati, bila kubadilisha mengi zaidi ya hilo. Kutoka 3 kwenda 4.5 anapiga simu kwa kampuni yake ya umeme, analipa ada ya mara moja, na baada ya hapo nyongeza ni makumi machache ya euro kwa mwaka. Mimi mwenye fleti yetu nilimlipa euro 120 za "usafi", na bado nikatakiwa niondoke nimeosha vyombo na kushusha taka. Nikalipa euro 40 za kufika baada ya saa mbili usiku. Kodi ya mji inatozwa kwa kichwa na kwa usiku, hiyo ni sheria na siilaumu. Lakini mtu anayekutoza kwa kuchelewa treni, anashindwaje kununua kilowati moja na nusu? Kwenye tangazo aliweka picha 34. Kuba lilipigwa kutoka kila pembe, limau kwenye bakuli lilipigwa mara tatu. Mita hakuna.

Jambo moja limebadilika kwa faida yetu. Mwaka 2025 Firenze ilipiga marufuku vile visanduku vya funguo ambavyo mgeni alijifungulia mwenyewe bila kupokelewa na mtu, vilivyokuwa vimejaa kwenye kuta za mji wa kale. Pale unapopokelewa na mtu, usimwache aondoke. Mwambie akuonyeshe mita kwa kidole, namba yake uipige picha, akupe na ufunguo wa kabati kama lina kufuli. Dakika tano tu, kabla masanduku hayajapanda. Kwenye tangazo lenyewe hakikisha umeona CIN, namba ya usajili ya taifa, ambayo tangu Januari 2025 kila fleti ya kukodisha kwa muda mfupi inapaswa kuwa nayo. Ambaye hana, hata ukimlalamikia, unamlalamikia mtu ambaye hayupo kwenye daftari.

Mama anataka kurudi, hakuona bustani ya Boboli. Nimeuliza fleti tisa. Nne hazikujibu swali, tatu zilisema 3 na mita iko chini, moja ilinipa namba ya fundi. Ya tisa, Borgo San Jacopo, ghorofa ya pili yenye lifti, mwenyewe alijibu ndani ya saa moja na kuambatisha picha ya mita: 4.5, iko ndani ya mlango, juu ya ndoano za makoti. Nimeichukua kuanzia Aprili 20.