Topkoti za jeli za kucha: ya kufuta au isiyofutwa, ununue ipi?

"Imekaa kwenye taa ya kukaushia sekunde 60, bado inanata." Kabla hujairudisha chupa dukani, soma lebo: kama ni topkoti (tabaka la mwisho, la juu) ya kufuta, yaani ile ambayo unato wake hufutwa baada ya taa, inafanya inavyotakiwa. Mwanga hupasua kianzishaji kilichomo kwenye jeli, na chembe zinazotoka ndizo huunganisha minyororo ya polima. Oksijeni ya hewani huzidaka chembe hizo juu juu, hivyo utando mwembamba kuliko unywele hubaki mbichi ilhali chini pamekauka vizuri.

Ukitoka kwenye taa, subiri kama dakika moja kucha zipoe, ndipo ufute kwa alkoholi ya aisopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kufuta zikiwa na joto hufifisha mng'ao. Asetoni usiiguse kabisa. Futa kuelekea ncha, kamwe si kuelekea ngozi: unachofuta ni jeli mbichi, na HEMA, kemikali iliyomo kwenye jeli nyingi, huweza kuanzisha mzio usioisha.

Isiyofutwa imetengenezwa iishinde oksijeni, kwa mfano kwa kuongezewa thioli (kemikali zenye salfa), kwa hiyo hutoka kwenye taa ikiwa kavu. Kwa unga wa kroomu, ule unaong'aa kama kioo, hii ndiyo yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba tabaka jingine halishiki juu yake. Ukitaka kuongeza ua au jiwe baadaye, ikwaruze kwanza kwa bafa (tupa laini ya kucha), la sivyo kazi yote hubanduka kama ganda.

Beskoti (tabaka la kwanza) na rangi ni habari nyingine: usizifute katikati ya kazi! Ule unato ndio unaounganisha tabaka na tabaka. Rangi nyeusi ipake mara mbili au tatu, nyembamba. Ukiipaka nene, mwanga haufiki chini na uso hukunjamana. Ila beskoti iliyopakwa nyembamba mno nayo hubaki laini, maana oksijeni huipenya yote. Na chupa isitikiswe, izungushwe viganjani, kwani mapovu huingiza hewa ndani ya jeli.

Kwa saluni, tunapendekeza isiyofutwa kwa rangi moja na kroomu, na ya kufuta kwa kucha zenye michoro ya tabaka nyingi. Yoyote utakayochukua, angalia taa yako itoe mwanga wa mawimbi ya nanomita 365 na 405, na gumba liingie peke yake, limelala bapa.