Asilimia ya Ujenzi au Michango ya Umma?
Mji ugharimie vipi sanaa ya mahali pa umma? Tangu mwaka 1959, Philadelphia nchini Marekani imewataka wajenzi wanaopata ardhi ya mamlaka yake ya uendelezaji watenge angalau asilimia 1 ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa, ambayo hupitiwa na kamati ya wataalamu. Fedha hupatikana maadamu ujenzi unaendelea, ingawa mpita njia hana sauti kubwa katika kuichagua sanaa hiyo. New York mwaka 1885 ilitegemea michango: gazeti la Joseph Pulitzer lilikusanya zaidi ya dola 100,000 za kujengea kitako cha Sanamu ya Uhuru, nyingi zikitoka kwa watu waliotoa chini ya dola moja. Hata hivyo, wachangiaji hao hawakuichagua sanamu yenyewe, kwani ilikuwa zawadi ya Wafaransa. Naona michango hufaa kazi moja inayojulikana tayari; mji unaohitaji sanaa mfululizo utumie asilimia.